Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar: mikono ya wagonjwa wa kiharusi inaachwa

Micheweni, Pemba

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia huduma za afya hapa Zanzibar, kuanzia mlioko juu kabisa mpaka mnaoendesha hospitali na vituo vyetu huku kisiwani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: TIBA YA MKONO KWA WALOPATA KIHARUSI

Mie ni mtoto wa mgonjwa. Nnaandika hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya nshaipita yote. Nilipeleka barua mbili kwa mkono wangu mwaka jana, moja mwezi wa Mei na moja Agosti, zote nikagongewa muhuri kwenye kopi yangu kuwa zimepokelewa na kopi ninazo. Majibu hayakuja. Nikafunga safari kuonana na mkubwa mmoja, nikakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri ndo naambiwa yuko kikaoni, safari ya pili nikampata, na nimshukuru, alinisikiliza vizuri tu, akaandika namba yangu kwenye kijikaratasi akasema tutakupigia. Mpaka leo simu haijalia. Hospitali siitaji na mtu simtaji, walotuhudumia wengi wao ni watu wema walochoka, na mie sitafuti mtu afukuzwe kazi. Nnachotaka ni mambo yabadilike kwa mgonjwa anaeanguka kesho.

Bimkubwa wangu ana miaka 61 na umri wake wote ni mtu wa ukili. Anachana miyaa, anatia rangi, anasuka, anashona mkeka, na sisi watoto sita tumesomeshwa skuli kwa mikeka ile na kwa kuchambua karafuu za watu msimu ukifika. Februari mwaka jana, alfajiri, alikuwa uani anatawadha, birika likamtoka mkononi. Akaliokota, likamtoka tena. Dada yangu alisikia birika limeanguka mara mbili, akatoka kuangalia, akamkuta mama kakaa chini anautizama mkono wake wa kulia kama si wake, mdomo ushakwenda upande.

Nusu siku ya mwanzo ilipotea na hilo ni kosa letu wenyewe, nalisema wazi. Watu walisema kapigwa na upepo, akasomewa, akafukizwa, mpaka adhuhuri ndo tukapata gari. Kusomewa hakuna ubaya na hata wodini tuliendelea kumsomea, ila gari lilitakiwa liitwe kwanza. Kilichomlaza kilikuwa presha, ambayo hakuwahi kujua kama anayo.

Akalala wodini siku tisa, akatoka anasimama kwa kushikwa, na baada ya mwezi na nusu akawa anatembea mwenyewe hadi kwa jirani. Mtaani wote wakasema alhamdulillahi kapona. Hapo ndo penye barua yangu, mana hakupona. Mguu ndo ulopona. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia vilevile.

Nnaomba niyaseme moja moja.

1. Mkono haumo kwenye hesabu.

Siku tisa zile daktari wa mazoezi alifika kitandani mara nne, na mara zote nne alikuja kwa ajili ya mguu. Asimame, apige hatua, ageuke, akae. Mkono ukawekwa juu ya mto basi. Nikauliza, "na mkono je?" nikaambiwa mkono utarudi wenyewe taratibu, muwe mnamchua. Tukamchua kweli, kwa mafuta ya nazi na mafuta ya karafuu, asubuhi na usiku, miezi mizima. Kuchua kunapooza maumivu, sikatai, lakini mkono ulopooza hauamki kwa kuchuliwa na mtu mwengine, unaamka kwa mwenyewe kujaribu kuutumia, hata ukitikisika chembe.

Naelewa mguu unapewa mbele kwa nini. Mtu akitembea kitanda kinapatikana, na familia inafurahi. Lakini mishipa ya ubongo mnaijua nyinyi kuliko mie, ule mshipa mkubwa wa kati ambao ndo unaoziba mara nyingi unalisha zaidi sehemu za mkono na uso kuliko za mguu, kwa hivo mkono ndo unaoumia zaidi na ndo unaochelewa kurudi. Sasa kilichoumia zaidi ndo kinachopewa kidogo?

Na mkono kwetu si kitu cha ziada. Mkono wa kulia unaitwa hivo kwa sababu ndo wa kulia chakula. Bimkubwa aliacha kula na watu. Sinia likiwekwa anasema nshashiba, nilikula mapema, sisi tunakula tunatoka. Siku moja nikarudi ndani kuchukua simu nilosahau nikamkuta kageukia ukutani anakula kwa mkono wa kushoto, na aliponiona akaficha ule mkono chini ya kanga. Mwanamke wa miaka 61, mama yangu, ananificha mie mkono anaolia. Sikusema kitu, nikachukua simu nikatoka. Mpaka leo nikikumbuka siwezi kukaa.

2. Bega. Hakuna alotuambia habari ya bega.

Mkono ukipooza misuli inayolishika bega inalegea, na uzito wa mkono wenyewe unalivuta bega linashuka kwenye kikombe chake. Mtu kama huyo havutwi kwa mkono. Hanyanyuliwi kwa kushikwa kwapani. Sie hatukujua. Pale pale wodini tulikuwa tunamuinua kitandani kwa kumvuta ule mkono, na siku ya kutoka alompandisha mgonjwa kwenye gari nae alimvuta vilevile. Nyumbani tukaendelea. Wiki ya tatu bega likaanza kumuuma, usiku halali, akiguswa analia, ukiweka vidole juu ya bega unaliona shimo la upana wa vidole viwili. Maumivu yale ndo yalimfanya asitake hata kuguswa mkono, na mkono usoguswa ukazidi kukaza, vidole vikajikunja ndani ya kiganja mpaka kucha zinamchoma.

Yote hayo yangezuilika kwa dakika tano za maneno. Mto chini ya mkono akiwa kakaa, mkono usining'inie akiwa anatembea, mshike kiunoni ukimuinua, usimvute. Ni kitu cha kuandika kwenye nusu karatasi.

3. Miezi inapita tukiwa kwenye foleni.

Alipotoka wodini alipewa tarehe ya kurudi kwa daktari wa mazoezi, ilikuwa wiki saba mbele. Tukaenda, siku hio hayupo kaitwa semina, tukapewa tarehe nyengine, wiki tano. Kwa hivo mara ya mwanzo mtu kuushika mkono wa bimkubwa kitaalamu ilikuwa karibu miezi mitatu toka aanguke. Miezi mitatu ya mwanzo ndo ile ubongo unajipanga upya kwa kasi kubwa kabisa, kila anaefanya kazi hii anajua. Sisemi mgonjwa anyanyuliwe siku ya kwanza, utafiti mkubwa ulotoka 2015 ulofanywa hospitali 56 kwenye nchi tano ulionesha kumuamsha sana mgonjwa ndani ya masaa 24 ya mwanzo kunaweza kumrudisha nyuma. Mie nazungumzia wiki ya pili, ya tatu, ya sita, ambazo zetu zilipita bimkubwa kakaa barazani.

4. Mazoezi yenyewe ni machache mno.

Tulipofika hatimae tulipewa robo saa. Mkono ukanyanyuliwa na daktari juu chini mara kumi, ukakunjwa mara kumi, tukaambiwa tuonane mwezi ujao. Na hapa niwe mkweli, hili si la Pemba peke yake. Mwaka 2009 watafiti walihesabu kwenye vituo vya Marekani na Kanada mgonjwa anautumisha mkono mara ngapi kwenye kikao kimoja cha tiba, wakapata wastani wa mara 32 tu, wakati wanyama waliokuwa wakisomwa maabara walikuwa wanarudia kitendo mara mamia kwa siku ndo ubongo wao unabadilika. Wakubwa, fikirini mwanamke anaechambua karafuu. Ameweka jamvi, ana rundo mbele yake, anashika kishada, anazitoa karafuu kwenye kikonyo kwa kidole gumba na cha shahada, anatupa makonyo kule karafuu huku. Mpaka ajaze pishi moja vidole vyake vimefanya kazi mara ngapi? Hio ndo hesabu mkono unaoitaka, na hio kazi wanawake wa Pemba wanaijua toka watoto. Hakuna alomuwazia mama yangu karafuu kama dawa.

5. Tiba zipo, nyengine hazina gharama, na hatukuambiwa.

Hii ndo inayoniuma kuliko zote. Mwezi wa tano wa ugonjwa tulikutana na kijana mmoja wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, alokuja kwa mafunzo, hakuwa hata mwajiriwa, alitukuta koridoni tunasubiri akakaa na sie kwenye benchi dakika 20. Akamwambia mama jaribu kunyanyua kifundo cha mkono. Kikanyanyuka, kidogo, kama kimo cha kibiriti kilolazwa. Jaribu kufungua vidole. Viwili vikafunguka nusu. Akanitizama akasema kaka, mkono huu una uhai, kwa nini hautumiki? Sikuwa na jibu.

Akatueleza kitu ambacho baadae nilikwenda kukisoma usiku kucha kwenye simu, na binamu yangu alieko Muscat akanitumia video. Kuna mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, wa chuo kikuu cha Alabama kule Birmingham, aligundua kuwa mkono mara nyingi hautumiki kwa sababu mgonjwa keshajifunza kutoutumia. Siku za mwanzo anajaribu unashindwa, anajaribu unashindwa, anahamia kwenye mkono mzima, na hata ubongo ukianza kupona yeye hajui kwa sababu hajaribu tena. Dawa yake ni kuufunga ule mkono mzima. Unavishwa glavu nene isoshika kitu, kwa muda mwingi wa siku, na mkono mgonjwa unalazimishwa kufanya kazi ndogondogo masaa mengi, kwa wiki mbili mfululizo, chini ya mtaalamu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa EXCITE, watu 222 walokuwa na miezi mitatu mpaka tisa toka wapate kiharusi, na waliotibiwa hivo waliwapita wenzao, na hata mwaka ulipopita walikuwa bado wako mbele. Si ya kila mtu, lazima kifundo na vidole viwe vimebaki na uhai kidogo, na lazima mtu awe anasimama sawasawa asije akaanguka mkono mmoja umefungwa. Lakini bimkubwa alikuwa nao huo uhai kidogo! Alikuwa nao na hakuna aloutafuta.

Na kwa wasokuwa na uhai hata huo kipo kioo. Kioo tu. Unakisimamisha katikati ya mikono miwili, mkono mgonjwa unajificha nyuma yake, mzima unakuwa mbele, mgonjwa anaangalia kiooni huku akifungua na kufunga mkono mzima, macho yanaona kama ule mgonjwa ndo unaofanya kazi. Alikianzisha mtaalamu wa ubongo, V. S. Ramachandran, kwa watu walokatwa mikono wenye maumivu ya mkono usokuwepo, na 1999 kikajaribiwa kwa watu wa kiharusi, na leo ni tiba inayofanywa sehemu nyingi duniani. Sie tulitumia kioo cha mlango wa kabati lilovunjika, fundi seremala akatutilia fremu, hakutaka hata pesa.

6. Njia.

Kwenda na kurudi ni kukodi gari, kwa sababu kwenye daladala mtu wa bega lile hawezi kubanwa. Pesa hio kwa mwezi mara moja tuliweza, kwa wiki mara tatu hatuwezi na hakuna familia huku kwetu inayoweza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu toka 2009, na kifungu cha 26 kinasema huduma hizi zianze mapema iwezekanavyo na ziwe karibu na wanakoishi watu, hata vijijini. Kijijini ndo huku.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine nshaambiwa usoni.

Mtasema wataalamu hawapo. Ni kweli ni wachache, na wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtu upya kula na kuvaa na kufunga vifungo, ndo wachache zaidi. Lakini wataalamu wanasomeshwa, Moshi pale hospitali ya KCMC wanatoa watu wa fiziotherapi na wa tiba kwa vitendo miaka mingi, vijana wa Kipemba wenye kufaulu sayansi wapo, tatizo ni nani anawasomesha na wakirudi wanapangiwa wapi. Na zaidi ya hayo, kutuambia tusilivute bega hakuhitaji mtaalamu mpya. Nesi alokuwepo wodini siku ile angeweza kutuambia kama angekuwa kafundishwa siku moja.

Mtasema mashine hakuna. Mie mashine sijaitaja popote kwenye barua hii. Nimetaja kioo, glavu, na karafuu.

Mtasema familia zifanye nyumbani. Hili nataka mlisikilize vizuri kwa sababu linasemwa sana na linasikika kama hekima. Familia tuko tayari, hatukukimbia mgonjwa wetu, tulimgeuza, tulimlisha, tulimuogesha. Lakini India walilijaribu hasa hili jambo la kuiachia familia kazi ya tiba, wagonjwa 1,250 kwenye hospitali 14, familia zikafundishwa halafu zikaachiwa, matokeo yakatoka 2017 kwenye jarida la Lancet, na baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti na walopata huduma ya kawaida. Familia ni msaidizi, haiwezi kuwa daktari. Mie mwenyewe nilimvuta mama yangu bega kwa mapenzi tele.

Mtasema mzee huyo, au mtasema muda ushapita. Kuna mtu alimwambia bimkubwa mbele yangu, mama, miezi sita ikipita kilichobaki ndo hicho. Alirudi nyumbani akavigawa vifaa vyake vya ukili, miyaa yake ilotiwa rangi akampa jirani. Kasi inapungua baada ya miezi sita, ni kweli, lakini mlango haufungwi. Wale wagonjwa wa Taub wa mwanzo wengi wao walikuwa washapita mwaka. Maneno kama yale yasisemwe tena kwa mgonjwa yeyote, nnaomba hilo kama amana.

Na mtasema kuna maradhi makubwa zaidi ya kushughulikia. Kiharusi kwani ni kidogo? Utafiti ulofanywa Dar es Salaam na Hai, kule Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006, ulotoka 2010, ulikuta Dar watu wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza, hesabu ikishasawazishwa kwa umri, ni zaidi ya 300 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, ikiwa kati ya viwango vya juu kabisa duniani. Presha imejaa kila nyumba, huku kwetu mtaa mmoja hukosi mtu kakaa barazani mkono umemlalia pajani. Na wengi wao ni watu wa kazi za mikono, wavuvi, mafundi, wapanda mikarafuu, wasusi, kwa hivo mkono ukienda nyumba nzima imekwenda.

Basi nnayoyaomba ni haya.

Kwanza, mgonjwa yeyote wa kiharusi kabla hajaruhusiwa mkono wake upimwe na iandikwe kwenye cheti chake: bega likoje, kifundo kinanyanyuka au hakinyanyuki, vidole vinafunguka au havifunguki. Kikiandikwa kitu kitafuatiliwa.

Pili, itolewe karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, ya bega, ya namna ya kumuinua mgonjwa, ya namna ya kuuweka mkono, na isomwe mbele ya familia, isiwe ya kupewa tu mlangoni.

Tatu, na hili ndo kubwa: ndani ya miezi mitatu ya mwanzo mgonjwa apate daktari wa mazoezi angalau mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mkono, na iwe kwenye vituo vya karibu. Daktari mmoja azunguke, Jumatatu kituo hiki Jumanne kile, wagonjwa watano sita wakae pamoja kwenye meza moja wafanye kazi za mikono saa nzima anawasimamia. Mbaazi za kuhamisha, vibanio vya nguo, vikombe, vifungo, karafuu za kuchambua. Mchana mzima anahudumia kijiji.

Nne, wale wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya wanaopita nyumba kwa nyumba, waongezewe swali moja tu wanapoingia nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi, mkono vipi? Na wawe na pa kupeleka jibu.

Tano, vikao hivi vihesabiwe kwenye bima kama inavyohesabiwa dawa, na nauli ya mgonjwa asojiweza ifikiriwe.

Sita, presha zipimwe mpaka mtu achoke kupimwa. Hili halihitaji maelezo.

Nnaomba pia majibu, kwa maandishi, hata kama ni ya kusema hili tunaliweza na hili hatuliwezi. Tarehe 29 Oktoba ni Siku ya Kiharusi Duniani, nnajua kutakuwa na fulana na hotuba, nnaomba siku hio mtu asimame atuambie katika haya sita yameanza mangapi.

Bimkubwa hivi sasa yuko hivi. Baada ya yule kijana tulianza wenyewe, tukamvisha soksi nene mkono wa kushoto tukaifunga kwa kitambaa, tukamwekea sinia la mbaazi na bakuli, hamisha moja moja. Siku ya mwanzo alihamisha nne akatokwa jasho akalia, akanitukana pia. Wiki ya pili arobaini. Dada yangu ndo alieleta karafuu, mbichi, na alipozishika zile hakuhitaji kuelekezwa, vidole vilikuwa vinajua vinachokitafuta hata kama havifiki. Yule kijana kabla hajarudi chuoni alikuwa akitupigia simu kila Ijumaa kuuliza, kwa vocha yake mwenyewe, na akatukataza kumfunga mkono muda mrefu bila ya mtu kuwepo. Mwezi wa Ramadhani ulopita, kwenye tahiyatu, nimekaa nyuma yake kidogo pembeni, nikaona kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinanyanyuka. Kinatetemeka, lakini kimenyanyuka. Alipotoa salamu hakusema kitu na mie sikusema.

Bega bado linamuuma. Kikombe cha chai hakishiki kikiwa kimejaa. Mwezi ulopita alikwenda kwa jirani kudai miyaa yake, na wiki iliyopita kamaliza ukili wa pima moja, umekwenda upande, anasema ataufumua auanze tena. Hapo ndo alipofika kwa benchi la koridoni la dakika 20, kioo cha kabati na simu za Ijumaa. Angefikia wapi angeanza wiki ya pili?

Kopi za barua zangu mbili za mwanzo, zenye mihuri, ninazo na niko tayari kuzileta popote nitakapoitwa, siku yoyote, isipokuwa nipewe taarifa mapema kwa sababu ya kupata mtu wa kubaki na mgonjwa.

Wassalaam,

Mtoto wa mgonjwa,
Micheweni, Pemba.